Kopo la Pili

Kama unasoma haya huku umelala chali, na umeambiwa usiinuke mpaka msimu ubadilike, basi mimi na wewe ni ndugu. Nililala hivyo nyumbani kwetu Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Sitakueleza ugonjwa unavyoingia mwilini wala dawa inavyoutoa. Hayo waulize wenye makoti meupe. Mimi ni fundi cherehani, nitakueleza ninayoyajua: kulala, kungoja, na picha moja ya vita iliyonikuta siku ambayo nilikuwa nimeshakata tamaa.

Maumivu yalinianza kiunoni wakati wa palizi. Nilidhani ni cherehani tu, maana nilikuwa nashona sare za shule tangu asubuhi hadi macho yagome. Mume wangu Hamisi, fundi wa karakana ya reli, akawa ananikanda kwa maji ya moto kila akirudi kazini. Nilipofika mahali pa kushindwa kuinama kuokota sindano, tukaenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi la barazani siku nyingi kiasi kwamba nililijua lile benchi kila msumari wake. Hatimaye daktari akasema ni kifua kikuu. Nikamwambia, "Daktari, mbona mimi sikohoi?" Akasema hakiko kifuani, kimekaa kwenye uti wa mgongo. Nilicheka kidogo, kwa sababu niliona kama ametaja ugonjwa wa mtu mwingine.

Wakanifunga plasta ngumu kuanzia makwapani hadi juu ya magoti. Ikiwa mbichi ilikuwa na baridi, ikakauka ikawa gamba. Watu walivuna mahindi na karanga mimi nikiwa wodini nadungwa sindano, na kiangazi kilipoanza hospitali ikanirudisha nyumbani kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali mwenye baiskeli, akawa anakuja kunidunga. Sharti lilikuwa moja: nilale chali juu ya mbao, nisikae, nisisimame, plasta isifunguliwe mpaka mavuno yajayo. Wakiifungua mapema, daktari alisema, mgongo utakunjika na sitatembea tena. Alilisema hilo polepole akimtazama Hamisi, siyo mimi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba ukilala chali unawapoteza watu. Unabaki na videvu. Nilimjua dresa kwa kovu chini ya taya, nilimjua jirani yetu Bi Zuwena kwa ushungi uliobana shingo yake nene, na nilimjua Hamisi kwa ndevu alizoacha kunyoa. Wageni walisimama karibu na kitanda wakazungumza wao kwa wao, juu huko, na mimi nikawa nahesabiwa pamoja na fanicha. Kwa hiyo wewe uliye mzima, ukienda kumwona mtu wa namna hii, tafadhali inama. Inama mpaka aone uso wako wote.

Binti yangu Zuhura alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza ameanza kutamka maneno yakaeleweka. Mwanzoni aliniogopa. Baadaye akagundua kwamba gamba langu lina sauti, akawa anakuja kuligonga kwa kidole. "Hodi," anasema. "Mama yumo?" Namjibu, "Karibu, yumo." Anaridhika, anakwenda kucheza. Kuna siku nilikawia kujibu, nikasikia anamwambia baba yake kwamba mama katoka.

Hamisi ndiye aliyenilisha, akaniosha, akamwaga nisiyoweza kuyataja. Wanaume wenzake wa karakana walimcheka kwa kubeba ndoo kutoka bombani, naye alipokuwa akinisimulia alicheka pia. Kisha akaacha kusimulia. Ikafika siku anaingia chumbani akitazama ukuta, anafanya linalofanywa, anatoka. Sikumlaumu. Lakini usiku nilimsikia akigeuka geuka kwenye mkeka wake kule chini, na mimi siwezi kugeuka, nikaona bora angalau mmoja wetu awe huru.

Kila mwezi nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni, nimefunikwa kanga usoni kwa ajili ya jua. Foleni ikiwa ndefu waliniweka chini sakafuni kwenye korido, watu wananiruka. Hapo ndipo nilipojua kuwa huruma ina viwango. Mama mmoja aliyetoka Igunga na mtoto mgonjwa mgongoni alichuchumaa pembeni yangu, akamenya karanga za kukaanga, akawa ananitia mdomoni moja moja kana kwamba kuzila ni deni langu kwake. Hakuniuliza ninaumwa nini. Nilimwombea dua safari nzima ya kurudi.

Halafu likaja joto la kabla ya mvua. Wanaoijua Tabora wanalijua lile joto. Jasho liliingia ndani ya plasta likawa halitoki. Kunguni wakaona pale ni pa kuhamia. Nilikuwa na spoki ya baiskeli niliyopewa na dresa, naiingiza kwa juu najikuna, lakini wadudu wale walikaa pale spoki isipofika. Nilinuka. Nilijua nanuka kwa sababu wageni walianza kukaa mlangoni.

Ndipo alipokuja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, kutoka Puge. Alikuwa mtu mrefu, mgumu, mwenye kupenda mambo ya wazee. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, amebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi, na baba mkubwa alizungumza habari za safari zile kama vile alikuwapo.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wamekujengea ukuta, nani atakutibu ndani ya ukuta?"

Huko Puge alikuwako mganga wa viungo aliyeaminika. Baba mkubwa alitaka plasta ikatwe, nikandwe, nipewe dawa za mizizi, nikae kati ya watu wangu. Hamisi akasema maneno ya daktari. Baba mkubwa akamwuliza, "Mkwe, wewe umeshamwona mtu aliyepona kwa kulala?" Na kweli Hamisi hakuwahi kumwona. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Nikatazama mabati. Nilikuwa nimechoka kuliko ninavyoweza kukuandikia. Nikasema, "Nipelekeni. Mkaikate."

Lori la kwenda Nzega, ambalo lingepita Puge, lilipatikana kwa kesho yake alfajiri. Tatizo likawa jinsi ya kunipakia: mkokoteni haupandi lori, kitanda hakipiti mlangoni, na mimi sikunjiki. Baba mkubwa akazunguka mtaani akitafuta kitu kirefu, kilicho bapa, chenye mishikio ya watu wanne. Alirudi saa za mchana na kitu hicho hasa. Alikuwa ameazima jeneza la msikiti.

"Mbao ni mbao," alisema, Hamisi alipomtolea macho.

Lakini mtaani mbao siyo mbao. Jeneza lilionekana likiingia kwetu, na kabla halijawekwa chini wanawake wawili wa nyumba za nyuma walishafika wamejitanda kanga, mmoja ameanza kilio. Bi Zuwena alikuja mbio na ndoo ya maji ya kuoshea. Nikawa najisikia ninaliliwa, na sikujua kama ni adabu kukohoa.

Pamoja nao akaingia Kibwana. Huyu alikuwa Mzaramo kutoka pwani, mwendeshaji wa gari la sinema la serikali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akionyesha picha za kilimo bora, usafi wa vyoo na maisha ya ujamaa, huku akizieleza kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Akiwa mjini aliegesha gari lake karibu na kwetu. Na alikuwa mtani wetu. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, wazee wetu walipopita kwao na mizigo. Mtani anakutukana humjibu kwa hasira, anachukua kitu chako humdai. Na mtu akifa kwenu, mtani ndiye mwenye sauti: maiti haitoki ndani mpaka yeye aridhike.

Kibwana aliona jeneza, akaniona mimi napepesa macho, akaelewa kila kitu. Akavua viatu akalala ndani ya jeneza.

"Toka humo," baba mkubwa alisema.

"Sitoki. Nani kaleta jeneza bila kumwita mtani?"

"Hapa hakuna maiti. Tunambeba mgonjwa."

"Mnyamwezi, wewe umezaliwa kubeba mizigo, na hujui mzigo unaobebwa na kitu hiki unaitwaje? Mmeleta jeneza, wanawake wamelia, maji yamekuja. Huu ni msiba, na mtani nipo. Hakitoki kitu humu ndani mpaka nipewe haki yangu."

Mtu mwingine angemsukuma tu akaendelea na shughuli. Lakini baba mkubwa asingeweza, yeye aliyekuwa akitugombeza kila siku kwa kuacha mila. Alijifunga mwenyewe alipopitisha kitu kile mlangoni. Alisimama akitafuna shavu lake kwa ndani. Mwisho akasema, "Haya, Mzaramo mvivu. Unataka nini? Kuku?"

Kibwana aliinua kichwa. "Nataka maiti aangalie picha yangu. Ikiisha, mchukueni."

Yule mwanamke aliyekuwa akilia aliacha akauliza ni picha gani.

Ilikuwa picha ya vita, alisema, imetoka nchi moja ya rafiki zetu huko Ulaya ya baridi, na tangu aanze kazi hajawahi kuona kitu kama hicho. Hakuruhusiwa kuionyesha vijijini kwa sababu haifundishi kulima.

Kazi ikawa kuniwezesha kuona. Mimi nilitazama juu tu. Kibwana akapanda juu ya meza akafunga shuka letu jeupe la harusi kwenye boriti za bati, likatanda juu yangu kama chandarua. Madirisha tukayaziba kwa mablanketi. Jenereta ilikuwa garini, waya ukapitishwa dirishani. Lakini mashine ya sinema haikubali kutazama angani, mkanda unachomoka. Kibwana akafikiri, akaomba kioo. Bi Zuwena akatoa kioo cha kabati lake, kile kirefu alichotoka nacho kwao siku ya ndoa, ambacho hata watoto wake hawakuruhusiwa kukigusa. Mwanga ungetoka kwenye mashine, ugonge kioo, upande kwenye shuka. Kila walipokiegemeza kwenye kitu kiliteleza. Basi Hamisi akakaa sakafuni, akakishika kwa mikono miwili juu ya magoti yake, akiambiwa na Kibwana, "Inua. Shusha. Hapo hapo. Sasa wewe ndiye sinema."

Taa ikawaka, na juu yangu kukafunguka dunia.

Nilishawahi kwenda sinema mjini na Hamisi, tulipokuwa wachumba. Nilijua picha zinavyokwenda: mtu anazungumza, inakatwa, unaonyeshwa mwingine anajibu. Hii haikukatwa. Ilianza na askari mmoja kijana amechuchumaa kwenye handaki anafunga kamba ya kiatu. Akasimama, akaanza kutembea, na sisi tukatembea naye nyuma ya bega lake. Tulipita watu wanaokula, wanaonyoana, wanaoandika, mmoja amelala amefumbua mdomo. Handaki likapinda, tukapinda. Akapanda ngazi, tukapanda. Halafu, sijui vipi, tukamwacha chini tukawa tunapaa, na uwanda wote ukawa chini yetu: askari wengi kama mchwa baada ya mvua, farasi, mizinga, moshi unaosukumwa na upepo, mto na daraja lake. Tukashuka tena upande wa pili wa daraja, na kijana yule yule akatufikia akikimbia.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kujua kitambaa kimeungwa wapi. Nilitafuta mshono kwenye picha ile nisiuone. Nilitafuta tena. Nikasikia nywele za kichwani zinanisimama, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi hazikuwa zinasimama kwa maumivu.

Kibwana alianza kwa kuieleza kama alivyozoea. "Hawa ndugu zetu wamechimba mitaro mirefu, jambo jema kwa kuzuia mmomonyoko." Watu wakacheka. Baba mkubwa akauliza kwa nini wote wanapiga saluti kwa mkono wa kushoto, na jeshi zima la mashoto litashinda vipi. Kilikuwa ni kile kioo kimegeuza kila kitu, lakini wakati huo hakuna aliyejua. Kisha Kibwana akanyamaza. Mtu ambaye mdomo ndio mshahara wake akanyamaza.

Kombora lilipiga karibu. Udongo ukaturukia usoni, picha ikaanguka yenyewe, ikabingirika, ikatulia. Na ilipotulia ilikuwa inatazama juu.

Kulikuwa na mbingu. Matawi ya miti myembamba yenye magome meupe. Kisha vikaingia videvu viwili, kimoja kila upande, na mikono, na mbingu ikainuka kidogo. Tulikuwa tumebebwa. Yule kijana ameumia, na sasa tulikuwa ndani ya macho yake. Hatukuonyeshwa jeraha wala damu. Tulionyeshwa anachokiona mtu aliyelala chali: matundu ya pua za wabebaji, jasho linalodondoka kwenye ncha ya kidevu, matawi yanayokuja na kupita, ndege mmoja. Mbingu iliyumba kushoto na kulia kwa hatua zao. Wabebaji hawakuzungumza naye. Walizungumza wao kwa wao, juu huko.

Mahali fulani duniani, kwenye nchi ambayo sijui jina la mji wake hata mmoja, kulikuwa na mtu aliyekaa akafikiria mimi ninaona nini. Akatafuta mashine, akatafuta watu na farasi na moshi, akaumiza kichwa mpaka akapata njia ya kulala chini pamoja nami. Hata daktari wangu hakuwahi kulala pale. Hamisi hakuwahi. Nilitaka kumwambia kila aliyemo chumbani, mnaona, ndivyo ilivyo.

Baba mkubwa alikuwa amesogea bila kujijua. Nilisikia anawaambia wale wabebaji kwa Kinyamwezi waende hatua moja, wabadilishane bega kabla ya kilima, wasimtikise. Aliwazungumzia kama vijana wake.

Halafu mbingu ikatetemeka. Siyo kuyumba kwa hatua za wabebaji; kulikuwa kutetemeka kudogo kudogo, miti yote ikatetemeka nayo. Nikazungusha macho chini kadiri nilivyoweza, nikaona ukingo wa kioo na vidole vya Hamisi vimekishika. Mume wangu alikuwa analia, na alikuwa hawezi kujifuta kwa sababu angekiachia.

Nikanyoosha mkono ukafika kichwani kwake. Mbingu ikatulia.

Wabebaji walikuwa bado wanatembea mkanda ulipokwisha. Ncha yake ikawa inapigapiga kwenye mashine, na shuka likawa jeupe tupu.

Hakuna aliyeinuka. Baba mkubwa ndiye aliyeuliza kwanza. "Walimfikisha?"

"Hilo liko kopo la pili," Kibwana alisema, akiuzungusha mkanda kurudi kwenye kopo lake la bati.

"Liweke."

"Kopo la pili nililiacha Igunga. Nakwenda huko wiki hii, nitarudi nalo. Lakini mtani, tulikubaliana: mgonjwa hatoki mpaka picha iishe. Haijaisha."

Baba mkubwa alitazama jeneza, akatazama mabati. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilale. Aliinama. Nikaona uso wake wote, wa kizee, umechoka na una hofu, na nikaelewa kuwa alikuwa ananipenda na hakujua la kufanya. "Mwanangu," akasema, "wewe unasemaje?"

"Nangoja, baba. Nataka kujua kama walimfikisha."

"Hata mimi," alisema.

Jeneza likarudi msikitini tupu. Lori la Nzega likaondoka bila sisi. Hamisi usiku ule alileta mkeka wake karibu zaidi, akalala kifudifudi amenishika kifundo cha mguu, na asubuhi akanyoa ndevu.

Mvua zikaanza, na kopo la pili halikuja. Kwanza Kibwana alisema barabara ya Igunga imekatika. Baadaye kopo lilikuwa limepelekwa Mwanza. Baadaye mkanda ulikuwa umekwaruzika, umetumwa Dar es Salaam kutengenezwa. Kila alipopita alisimama dirishani akaniuliza kama maiti bado ipo, nami nikamjibu matusi ya utani aliyostahili. Sindano zikabadilika zikawa vidonge vikubwa vya kukwama kooni. Daktari akanibadilishia plasta, na kwa muda mfupi wa kubadilisha upepo ulinigusa tumboni. Nitaukumbuka ule upepo mpaka nife.

Baba mkubwa hakurudia habari ya mganga. Alikuja na asali kwenye kibuyu, akakaa, akainama, akauliza, "Limekuja?" Nikisema bado, tunaanza. Yeye alisema wabebaji wale wanajua kazi, watafika. Mimi nilisema mto ulikuwa nyuma yao, labda adui yuko mbele. Hamisi alisema kijana alikuwa mwepesi, kwa hiyo hawatachoka. Tulibishana msimu mzima habari za mtu ambaye hatukumjua hata jina, na wakati tunabishana, mgongo wangu ulikuwa unafanya kazi yake kimyakimya. Zuhura akagonga gamba, "Hodi," na sasa nilikuwa sikawii kujibu.

Plasta ilikatwa baada ya mavuno. Msumeno ulipopita nilifumba macho. Ndani yake alitoka mtu nisiyemjua: ngozi inapukutika kama maganda ya kitunguu, miguu myembamba kuliko mikono, na kibyongo kidogo ambacho ninacho hadi leo na ninakishonea magauni yake. Nilipata kizunguzungu kwa kukaa tu. Kutembea nilijifunza kwa kushika ukuta, pamoja na aibu ya kufundishwa na mtoto. Zuhura alikuja siku ya kwanza akanigonga kifuani kwa kidole, hakukuwa na sauti. Akakunja uso, akaniwekea sikio.

Kibwana alikuja kuniaga siku niliyofika uani peke yangu na fimbo. Alikuwa amehamishiwa pwani. Akanionyesha kopo la bati, lile lile.

"Ni hili tu," alisema. "Halina la pili. Lililetwa limechanganywa na picha za kufundisha habari za minyoo, hayo makopo mengine sijui waliyapeleka wapi. Sijawahi kuona mwanzo wake wala mwisho."

Nilimrushia fimbo. Nilimkosa, nikakaa chini kwa kukosa cha kujishikia, na tulicheka mpaka Bi Zuwena akachungulia. Nilipopata pumzi nikamwuliza yeye anadhani ilikuwaje.

"Nimeliangalia mara nyingi," alisema. "Kila mara wanaendelea kutembea."

Sikumwambia baba mkubwa. Nilijiambia nitamwambia akija, na alipokuja niliona anavyofurahi nikimwandalia chakula nikiwa nimesimama, nikaahirisha. Miaka ikapita hivyo. Halafu zikaja habari kutoka Puge kwamba hainuki tena. Nikapanda basi, mimi na Hamisi.

Alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha. Walikuwako watu wengi chumbani, wamesimama, wakizungumza wao kwa wao. Nilimwamkia, naye akaitikia kwa midomo. Kisha akauliza, na watu wakadhani anaweweseka.

"Yule kijana. Kopo lilikuja?"

"Lilikuja, baba," nikasema. "Walimfikisha."

"Hawakumtikisa?"

"Hawakumtikisa. Walimshusha polepole kivulini, wakampa maji."

Alinitazama kutoka chini, na nilijua anachokiona. Nikapinda huu mgongo wangu usiopenda kupindwa, nikainama mpaka aone uso wangu wote, nikakaa hivyo hivyo.